Herufi za Kiarabu, Lugha za Kituruki na Taabu ya Kutafuta Fonti

Imeenea dhana kwamba kompyuta ikiisha kujua Kiarabu imekwisha kujua kila lugha iandikwayo kwa herufi za Kiarabu, na kwamba aliye na fonti nzuri ya kuchapia aya za Kurani hana haja ya kutafuta nyingine kwa ajili ya Kiajemi, wala Kiurdu, wala lugha yoyote ya jamii ya Kituruki. Dhana hiyo ina udhuru wake, maana herufi hizo zote ni za ukoo mmoja na jicho lisilozoea haliwezi kuzipambanua. Lakini mwandishi wa Kiuiguri aliyeko Kashgar, au wa Kiazeri aliyeko Tabriz, lau ataifuata, atakaa mbele ya kompyuta yake kuandika maneno aliyoyasikia kwa mama yake, na mahali pa maneno hayo ataona visanduku vitupu, au herufi zilizoachana katikati ya neno, au nukta mbili zilizoketi chini ya herufi ambayo kwa desturi ya kwao haina nukta hata moja. Fonti haikuharibika. Imefanya yote iliyofundishwa kufanya, ila haikufundishwa lugha yake.

Jamii ya lugha za Kituruki imetanda tangu nchi za Balkani hata Siberia, na kwa muda wa karibu miaka elfu takriban lugha zote za jamii hiyo ambazo wenyewe waliingia katika Uislamu ziliandikwa kwa khati ya Kiarabu. Mahmud wa Kashgar alitunga mjini Baghdad, katika miaka ya 1070, kitabu chake Diwan Lughat al-Turk, ambacho muradi wake ulikuwa kuwafundisha Waarabu lugha za Waturuki. Nakala pekee ya kitabu hicho ijulikanayo leo iliandikwa mwaka 1266, nayo ikazuka mjini Istanbul mwanzoni mwa karne ya 20, ikanunuliwa na Ali Emiri, mkusanyaji wa vitabu, na ikapigwa chapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Ali Shir Nava'i wa Herat, aliyeishi baina ya 1441 na 1501, aliandika kwa Kichagatai mashairi yasomwayo hata leo, na mwaka 1499 akatoa hoja ndefu ya kuthibitisha kwamba Kituruki hakipungukiwi na kitu mbele ya Kiajemi. Babur, mwasisi wa dola ya Mughal huko Bara Hindi, alisimulia maisha yake kwa lugha hiyo hiyo ya Kichagatai.

Karne ya 20 ilivunja mapokeo hayo kwa haraka ya kutisha. Mkutano wa wanazuoni uliofanyika Baku mwaka 1926 ulipendelea herufi za Kilatini, dola ya Kisovieti ikazieneza kwa raia zake wa asili ya Kituruki, na kufikia mwaka 1940 hivi ikazibadili tena kwa herufi za Kirusi. Na Jamhuri ya Uturuki nayo, kwa sheria ya tarehe 1 Novemba 1928, iliiacha khati ya Kiarabu katika muda wa miezi michache tu, hata mtoto aliyeingia shule baada ya hapo hakuweza kusoma barua ya babu yake. Waliobaki na herufi za kale ni wale waliokuwa nje ya mipaka ya madola hayo mawili: Wauiguri, ambao ni zaidi ya milioni 10, pamoja na Wakazaki na Wakirigizi wa Uchina, Waazeri na Waturukimeni wa Iran, na Wauzbeki na Waturukimeni wa Afghanistan. Juu yao hawana budi kuhesabiwa wanahistoria wa kila nchi wanaosoma hati za Masultani wa Istanbul, ambao nao hutaka kunukuu walichosoma kama kilivyoandikwa.

Asili ya taabu yao yote ni sauti. Kiarabu kina herufi 28, na irabu zake ndefu tatu ndizo ziandikwazo kwa herufi, ilhali irabu fupi huachiwa fataha, kasra na dhamma, ambazo aghalabu haziandikwi kabisa, kwa kuwa mizizi ya maneno ya Kiarabu humwongoza msomaji mzoefu. Waajemi walipoipokea khati hiyo waliongeza herufi nne, پ چ ژ گ, kwa ajili ya p, ch, zh na g. Waturuki walizichukua hizo nne, na bado haja yao haikutimia, maana lugha zao nyingi zina irabu nane au tisa, nazo hufuatana kwa kanuni kali: neno likianza na irabu ya mbele ya kinywa huendelea na za mbele hata mwisho, na likianza na ya nyuma huendelea na za nyuma. Kuziacha irabu hizo bila kuandikwa ni kuacha nusu ya lugha nje ya karatasi.

Katika Kituruki cha zama za Masultani herufi و peke yake ilibeba o, ö, u, ü na v, na kwa hiyo neno lililoandikwa اولدى laweza kusomwa oldu, yaani “amekuwa”, au öldü, yaani “amekufa”. Barua isemayo kwamba Mehmed pasha اولدى yaweza kuwa habari ya Mehmed kupewa upasha, na yaweza kuwa tanzia ya Mehmed Pasha, na mwenye kuipokea sharti atazame maneno ya mbele na ya nyuma kabla hajajua kama apeleke hongera au rambirambi. Msomaji wa pwani yetu hatastaajabu, kwa sababu wazee waliotuachia tenzi kwa herufi hizo hizo walikuwa na dhiki ya namna moja: ب ikasimama mahali pa b na mahali pa p, ف ikabeba f na v, na baina ya e na i, au o na u, msomaji akaachiwa akili yake.

Watu wenye ilimu waliliona jambo hilo mapema. Münif Pasha alilihutubia mjini Istanbul mwaka 1862, na mwaka uliofuata Mirza Fatali Akhundzade, mtunzi wa tamthilia wa Kiazeri, alisafiri hata mji huo huo akiwa na mpango wake wa kuitengeneza khati, akasikilizwa kwa adabu, akasifiwa, na mpango wake usifanywe chochote. Enver Pasha, waziri wa vita, hakungoja kusikilizwa. Aliamrisha jeshini mwandiko wa herufi zisizoungana, wenye irabu zote, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowafikia, maofisa waliolazimika kusoma amri kwa haraka wakaushindwa mwandiko huo, ukaachwa.

Waliofaulu ni wengine, na waliufikia ufaulu huo kwa njia mbili zenye tafauti kubwa. Wauiguri, baada ya kupitishwa katika herufi za Kilatini kwa muda, walirejeshewa khati ya Kiarabu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini khati iliyotengenezwa upya: herufi 32, ambamo irabu nane zote zina herufi zake, ئا ئە ئې ئى ئو ئۇ ئۆ ئۈ, wala hapana irabu inayokisiwa. Mtoto wa Kiuiguri asoma neno asilolijua kama mtoto wetu asomavyo Kiswahili, herufi kwa herufi. Kwa upande wa Wakazaki, Ahmet Baitursynov, mwalimu na mshairi ambaye dola ya Kisovieti ilimpiga risasi mwaka 1937, alibuni katika miaka ya 1910 njia ya werevu zaidi, inayotumiwa na Wakazaki wa Uchina hata sasa. Yeye hakuongeza herufi kwa kila irabu, bali alichukua hamza ndogo, akaiweka juu, mwanzoni mwa neno, iwe ishara kwamba irabu zote za neno hilo ni za mbele. Kwa hiyo تۇر ni tur, “simama”, na ٴتۇر ni tür, “aina”. Na kwa kuwa ك, گ na ە hupatikana katika maneno ya irabu za mbele tu, neno lenye mojawapo ya hizo halihitaji hamza. Alama moja imefanya kazi ya herufi kadhaa, na mtu apendaye uchache wa mambo hawezi kuiangalia bila kuihusudu.

Kabla ya kompyuta taabu hii ilikuwa ya chuma na risasi. Ibrahim Müteferrika, aliyefungua matbaa Istanbul mwaka 1727 na kutoa kitabu chake cha kwanza, kamusi ya Vankulu, mwaka 1729, alihitaji mamia ya vipande vya herufi, kwa sababu kila herufi ya Kiarabu hubadili umbo kwa kadiri ya mahali isimamapo, mwanzoni mwa neno, katikati, mwishoni, au peke yake. Katika karne ya 19 Muarmenia Ohannes Mühendisyan alichonga herufi za naskhi kwa kuufuata mwandiko wa Kazasker Mustafa İzzet Efendi, kadhi mkuu na bingwa wa khati, na mchongo huo ulikuwa mzuri hata ukavipa vitabu vya Istanbul sura yake. Sitakaa sana hapo, ila nataka ionekane kwamba mchonga herufi wa zama hizo aliishi mji mmoja na wasomaji wake, akijua kwamba ڭ, ile kafu yenye nukta tatu isomwayo kwa sauti ya ng' yetu ya ng'ombe, ni herufi ya lugha wala si pambo la mwandishi. Kompyuta ilizaliwa mbali na miji hiyo.

Katika miaka ya 1980 na 1990 kila mtengenezaji wa programu ya lugha hizi alikuwa na mpango wake mwenyewe wa kuzipa herufi namba, na wengine walizipachika katika nafasi za herufi za Kilatini, hata maandiko yaliyotungwa kwa fonti moja yakifunguliwa kwa nyingine yaligeuka fujo isiyosomeka. Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ililenga kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake moja, popote iendapo. Na katika fungu lake la Kiarabu ziliingia ڭ kwa namba 06AD, ې kwa 06D0, ۋ kwa 06CB, na nyingine nyingi za Wauiguri, Wakazaki na Wakirigizi. Ni vema mtu azikumbuke namba hizo kuliko majina ya fonti, kwa maana fonti huja na kupita.

Namba, hata hivyo, si umbo. Herufi ni mtu, na umbo ni nguo aivaayo kwa mahali aendapo: ب iliyo mwanzoni mwa neno na ب iliyo mwishoni ni namba moja, lakini michoro miwili. Kazi ya kuchagua mchoro ufaao hufanywa na sehemu ya kompyuta isiyoonekana na mwandishi, kwa kufuata majedwali yaliyomo ndani ya fonti. Utaratibu wa majedwali hayo, uitwao OpenType, ulitangazwa na Microsoft na Adobe mwaka 1996, na katika simu nyingi na programu nyingi za kusomea intaneti kazi hiyo hufanywa leo na HarfBuzz, programu ya bure. Basi ili neno la Kituruki litoke sawa, sharti mambo matatu yakutane: mwandishi awe ameandika namba iliyo sahihi, fonti iwe na maumbo yote ya namba hiyo, na programu ijue kuyasoma majedwali. Likikosekana moja, mwenye kutazama hulaumu fonti, na mara nyingi huionea.

Tuchukue neno moja tulilolirithi sote, kitabu, ambalo kwa Kiuiguri ni kitab, nalo huandikwa كىتاب. Herufi ya pili ni ى, isiyo na nukta. Katika Kiarabu herufi hiyo ni alif maksura, nayo haikai popote ila mwishoni mwa neno, kama katika jina Musa, na kwa hiyo wachoraji wengi wa fonti za Kiarabu waliipa maumbo mawili tu, la mwishoni na la peke yake, wakaridhika. Mwuiguri yeye aiandika mwanzoni na katikati, kila mahali penye sauti i. Fonti isiyo na maumbo hayo italikata neno vipande viwili, ك na ى upande mmoja, تاب upande wa pili, kana kwamba kuna nafasi baina yao. Mwandishi aliyechoshwa na aibu hiyo hutafuta hila: huiacha ى akaandika ي ya Kiarabu, neno likaungana vizuri, lakini sasa lina nukta mbili chini, nalo kwa jicho la Mwuiguri si kitab tena, maana ي kwao ni konsonanti y. Baya zaidi ni kwamba kosa hilo halikai machoni tu. Atakayelitafuta neno hilo baadaye katika kompyuta, kwa namba zilizo sahihi, hatalipata.

Habari ya ha ni hiyo hiyo, na pengine ni mbaya zaidi. Kiarabu kina ه moja. Wauiguri wana mbili zinazotokana nayo: ھ yenye macho mawili, ambayo ni konsonanti h, na ە ya mviringo, ambayo ni irabu inayokaribia e, isiyoungana kamwe na herufi iifuatayo. Neno men, yaani “mimi”, huandikwa مەن, na ile ە husimama bila kuishika ن. Mtu mwenye kibodi ya Kiarabu asiyeijua tafauti hiyo huandika ه ya kawaida, nayo kwa ukarimu wake huungana na jirani yake, neno likatoka مهن, ambalo hakuna Mwuiguri aliyelisoma darasani. Kwa Waazeri mgogoro huwa baina ya Kiarabu na Kiajemi, kwa maana ک ya Kiajemi na ك ya Kiarabu zina namba mbili, na vivyo hivyo ی na ي. Kurasa mbili zaweza kuonekana karibu sawa machoni, lakini iliyochapwa Tabriz kwa kibodi ya Kiajemi na iliyochapwa na mgeni kwa kibodi ya Kiarabu hazijuani katika kutafutwa. Fauka ya hayo, Waazeri wa Iran hawajapatana wote juu ya kuandika irabu zao, na baadhi yao hutumia herufi kama ؽ, yaani ya yenye kijipembe juu, ambayo haimo katika fonti nyingi za zamani, kwa kuwa iliingizwa katika Unicode baadaye.

Kuna udanganyifu mmoja wa kompyuta ambao ningependa kila mtafuta fonti aujue. Fonti ikikosa herufi fulani, kompyuta za leo hazionyeshi kisanduku mara moja. Huazima herufi hiyo kimyakimya katika fonti nyingine iliyomo ndani ya mashine. Mwandishi huona neno zima, akafurahi, asitambue kwamba ۆ iliyo katikati ni ya fonti ngeni, yenye wino mzito zaidi na iliyokaa juu kidogo ya mstari, na kwamba mahali pa kuungana pamekatika. Kwenye skrini ndogo kasoro hiyo yapita bila kuonekana. Kwenye kitabu kilichopigwa chapa hujitokeza kila ukurasa. Nakala zikiisha kutoka matbaani hazirudishwi.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye fonti lisiwe kama inajua Kiarabu. Liwe: ina ڭ, ۋ, ې, ۆ, ۈ? Je, ى yake huungana pande mbili? Kwa Kikazaki, je, ina ile hamza ya juu, namba 0674, au huweka mahali pake ء kubwa ya Kiarabu iliyoketi juu ya mstari kama mgeni asiyejua adabu za kikao? Kwa Kikirigizi, je, ina ۅ na ۉ? Mchoraji aliyezikumbuka herufi hizi aghalabu amezikumbuka na nyingine, na asiyezikumbuka, hata akisifiwa vipi kwa uzuri wa mkono wake, hafai kwa kazi hii. Nimeona fonti zilizochorwa kwa ajili ya Kurani, nzuri kupita kiasi, zisizo na hata پ na چ za Waajemi, na hapana haki ya kuzilaumu, kwa kuwa Kurani haina p wala ch.

Amma kuhusu fonti zenyewe, hali si ya kukata tamaa kama ilivyokuwa. Kwa Kiuiguri, Microsoft ilitia fonti iitwayo Microsoft Uighur ndani ya Windows Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, nayo imeendelea kupatikana katika Windows zilizofuata. Kabla na baada ya hapo, wataalamu wa Kiuiguri wenyewe, chini ya jumuiya yao ya ilimu ya kompyuta ijulikanayo kwa jina la UKIJ, walichora makumi ya fonti na kuzitoa bure, za kuchapia vitabu, za vichwa vya habari, za skrini. Baadhi yake, kama UKIJ Tuz Tom na UKIJ Ekran, utaziona kila mahali penye maandishi ya Kiuiguri. Hizo ndizo ningemshauri Mwuiguri azianzie, kwa sababu zimechorwa na watu walioanza kusoma kwa herufi hizo wakiwa watoto, na jicho la namna hiyo halinunuliwi.

Kwa mwenye lugha nyingine, au mwenye lugha zaidi ya moja, ziko fonti zilizokusudiwa kuenea. SIL, shirika lishughulikalo na lugha zisizo na maandiko mengi, lilitoa Scheherazade, na baadaye Scheherazade New, naskhi ya mtindo wa vitabu iliyo na takriban herufi zote za Kiarabu zilizomo katika Unicode, pamoja na za lugha za Afrika na Asia ambazo msomaji hajapata hata kuzisikia. Uangalifu wa wachoraji wake waonekana katika jambo dogo: ۅ ya Wakirigizi huandikwa na wengine kwa tanzi mkiani na wengine kwa kijiti kilichokata mkia, na fonti hiyo humruhusu mwandishi kuchagua umbo analolitaka pasipo kuibadili namba ya herufi. Khaled Hosny wa Misri naye alitoa Amiri, iliyofuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo za mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kuchapa kitabu cha Kituruki cha zama za Masultani sijaona iliyo karibu zaidi na sura ya vitabu vya wakati ule, ingawa asili yake ni Misri wala si Istanbul. Google ina Noto Naskh Arabic, ambayo si fonti ya kumfanya mtu aipende, lakini imo katika simu nyingi, na yafaa kwa kusoma habari upesi. Kwa Wauzbeki wa Afghanistan jambo lililosaidia zaidi halikuwa fonti bali makubaliano: mwaka 2003 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilidhamini waraka ulioandika bayana mahitaji ya kompyuta kwa Kipashto, Kidari na Kiuzbeki, herufi zake, mpangilio wa kibodi na utaratibu wa tarehe, na mchora fonti yeyote tangu hapo ana mahali pa kutazama.

Nastaliki ni mlango mwingine, nao ni mgumu. Nava'i na Babur walisomwa kwa khati hiyo itelemkayo kutoka kulia kwenda kushoto, ambayo kila neno huanzia juu na kushuka hata chini, na nukta hutafuta nafasi kati ya mistari. Kuifundisha kompyuta ni kazi ya miaka. Fonti zake zilizopo zilitungwa kwanza kwa ajili ya Kiurdu na Kiajemi, na Mturuki aingiaye humo aingia kama mgeni, akikuta ڭ yake ama haipo ama imeshonwa kwa haraka. Khati ya ruqaa, iliyotumiwa na makarani wa Istanbul kwa barua za kila siku, imepata bahati kidogo zaidi: Wadachi wa DecoType, walioanza kazi mwaka 1985 wakiongozwa na Thomas Milo, mtu aliyesoma lugha za Kituruki, na Mirjam Somers, waliianza kwa kuuchunguza mkono wa mwandishi, jinsi kalamu ilivyosafiri kutoka herufi hadi herufi, badala ya kukusanya maumbo yaliyokufa. Nadhani njia yao ndiyo ya haki, ingawa ndiyo ya gharama.

Mtu anayetaka kujaribu fonti asiipime kwa bismillahi, maana hiyo kila fonti ya Kiarabu imeijua tangu utoto wake. Aandike ئا ئە ئې ئى ئو ئۇ ئۆ ئۈ ڭ ۋ ھ, aongeze كىتاب na مەن na ٴتۇر, akuze maandishi hayo hata yajae skrini, kisha atazame kama unene wa wino ni mmoja tangu mwanzo hata mwisho na kama kila kiungo kimeshika. Ajaribu pia katika programu ile ile atakayoitumia kupanga kitabu, kwa sababu baadhi ya programu za kupangia kurasa hutaka kwanza ziwashiwe kipengele cha lugha za Mashariki ya Kati, na zisipowashiwa hutoa herufi moja moja, tena kwa kinyume, kutoka kushoto kwenda kulia. Akiisha kuridhika, achapishe ukurasa mmoja kwenye karatasi kabla hajalipa kwa nakala mia tatu.

Na aliye na miswada ya babu zake ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi hizi, naye akataka kuichapa kama ilivyo, atafaidika na kazi hiyo hiyo ya Waturuki na waliowasaidia, maana پ, چ, گ na ڤ za kutafautishia sauti zetu zimo katika fonti hizo. Scheherazade New na Amiri hutolewa bure, na leseni zake humruhusu mtu kuchapa kitabu kwa fonti hizo na kukiuza.